Mama kijacho ashirikishwe anapotafutiwa wa kumshikia nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi waajiri tunalipitia juujuu, nalo linawanyima usingizi wafanyakazi wengi wa kike: namna tunavyomtafuta mtu wa kushika kazi ya mwenzetu anayekwenda likizo ya uzazi. Rai yangu ni moja. Mpango huo upangwe mama kijacho mwenyewe akiwa mezani, uandikwe, naye apewe nakala yake. Ukipangwa kwa siri, hata kwa nia njema, utamtisha mtu ambaye tayari ana hofu, na hofu ya mjamzito si jambo la kuchezea.

Mimi ni meneja wa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hapa Iringa. Chama chetu kina ofisi moja na watumishi wachache. Wanachama wetu ni wakulima wa nyanya na vitunguu wa upande wa Ilula, walimu, wafanyabiashara wa sokoni, na akina mama wa vikundi, ambao kwa kweli ndio wengi katika daftari letu. Katika ofisi ya namna hii mtu mmoja akiondoka miezi mitatu, pengo linaonekana siku hiyohiyo. Mabenki makubwa yana idara nzima ya rasilimali watu ya kushughulika na mambo haya. Sisi wadogo meneja ndiye idara, na wafanyakazi wengi wa nchi hii wako kwenye ofisi kama yangu.

Silalamikii sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, imempa mama siku zisizopungua 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua mapacha. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo, na haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua mpaka daktari aseme anaweza. Akimaliza anarudi kwa masharti yaleyale. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kumbagua kwa ajili yake kumekatazwa waziwazi. Kwa upande wake, yeye anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha cheti cha daktari.

Sasa tazama mahali sheria ilipoishia. Imesema mama atarudi. Haikusema nani atakaa na mafaili yake, huyo mtu ataambiwa nini siku anaajiriwa, atatambulishwaje kwa wateja, na mama mwenyewe ataambiwa lini. Hayo yote yameachiwa hekima ya mwajiri, na hapo ndipo watu wanapoumizwa bila kuvunjwa kifungu chochote unachoweza kukishika mkononi ukakipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni binti wa mwanachama wetu mmoja, aliyekuwa ameajiriwa katika kampuni ambayo sitaitaja. Alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta mshahara wake uleule na cheo chake kilekile, kwenye karatasi. Wateja wake wote walikuwa wamegawiwa yule aliyemshikia nafasi, na meza yake imesogezwa karibu na stoo. Alipouliza, alijibiwa kwamba hawakumwambia mapema kwa sababu hawakutaka kumsumbua akiwa mjamzito. Habari hizo nilizipata kwa mama yake, aliyekuja kuomba mkopo wa kumfungulia binti huyo kiduka cha vipodozi, maana kazi ameiacha. Mkopo tulimpa. Lakini yale maneno, "hatukutaka kumsumbua", yamenikaa kooni tangu siku ile. Wangemsumbua! Wangemwita, wakae naye, wamsikilize.

Kwetu pia tulikuwa na afisa mikopo mjamzito, mwaka uliopita. Nimemwomba ruhusa niandike yaliyopita kati yetu, akakubali mradi nisimtaje.

Kazi ya afisa mikopo ni watu kuliko karatasi. Anavifahamu vikundi vyake kwa majina na kwa tabia. Anajua kikundi kipi kinalipa marejesho kwa wakati na kipi kinangoja mpaka apigiwe simu mwenyekiti, nani ana mdhamini wa kweli na nani kamleta shemeji yake akae tu kwenye picha. Ujuzi huo hauandikwi kwenye mfumo wa kompyuta. Ndiyo maana anayeushika anaulinda, na anapoona dalili za kuondoka anaanza kuogopa kwamba ataondoka nao mtu mwingine. Kuna na fedha ndani yake. Kwetu afisa mikopo hupata posho kila robo mwaka kulingana na marejesho, na mikopo ikiwa chechefu, yaani isipolipwa, posho hiyo hukatika.

Huyu dada alikuwa na sababu nyingine nzito zaidi. Miaka michache nyuma, akiwa na mkataba katika taasisi nyingine, mimba yake ilitoka ikiwa na miezi saba. Akiwa bado amelala nyumbani na huzuni yake, mkataba ulifika mwisho na haukuhuishwa. Alipoteza mtoto na kazi katika msimu mmoja, na moyoni mwake mambo hayo mawili hayajaachana. Kwa hiyo mtu anayemwambia "tupange likizo yako ya uzazi" anagusa yote mawili kwa pamoja, hata kama hajui.

Mimi nilianza kuona mabadiliko kabla hajasema neno. Alikuwa anafika ofisini wa kwanza na kutoka wa mwisho. Alikuwa anafungua mafaili ya mikopo iliyokwisha kulipwa, anayapanga upya, anayafunga. Wenzake wakaanza ile michezo yetu ya "naona umenawiri, dada, vipi huko?" Niliwaita kando nikawakataza. Mimba ni ya mwenyewe kuitangaza, na katika jamii zetu nyingi mwanamke huiweka kimya miezi ya mwanzo kwa sababu zake, za imani, za kuogopa macho ya watu, na kwa aliyewahi kupoteza, za kuogopa kufurahi mapema. Mwajiri anayemuuliza mfanyakazi wake "una mimba?" anamlazimisha aseme uongo au atoe siri, na kwa vyovyote imani imeshavunjika.

Alipokuwa tayari alikuja mwenyewe jioni, wenzake wameshatoka. "Shikamoo mama. Nimeleta hii," akaweka kadi ya kliniki mezani na kuendelea kusimama. Sikumpa hongera. Nilimwambia, "Marahaba. Mungu akuvushe salama, mwanangu. Kaa." Akakaa, na kabla sijasema lingine akaniuliza: "Mmeshapata mtu?"

Mhariri, fikiri kuhusu swali hilo. Mtu analeta habari ya mtoto, na jambo la kwanza linalomtoka mdomoni ni kama nafasi yake imeshapata mwenyewe mwingine. Nilimjibu ukweli: kwamba sijamtafuta mtu, kwamba nitalazimika kumtafuta kwa sababu vikundi haviwezi kukaa miezi mitatu bila afisa, na kwamba sitamtafuta bila yeye. Nikamwomba achukue muda wake, aandike kwenye karatasi kila kitu kinachompa wasiwasi kuhusu kazi, kikubwa na kidogo, asione aibu.

Ile karatasi ilinifundisha mengi kuliko semina nilizowahi kuhudhuria. Nilitegemea kuona hofu ya kufukuzwa, na ilikuwemo, ila haikuwa juu. Juu kabisa aliandika kwamba anaogopa akilazwa ghafla, mtu atashika mafaili yake bila maelezo, mikopo itaharibika, na akirudi ataambiwa ni yeye aliyeiharibu. Chini yake aliandika kwamba hataki keshia wetu ndiye amshikie, kwa sababu keshia alishawahi kuiomba nafasi hiyo akakosa. Aliandika kwamba anaogopa safari za bodaboda za kwenda vikundini, ile barabara ina mashimo, lakini anaogopa zaidi kusema hivyo asije akaonekana mvivu. Na aliandika kwamba anaomba tusitaje tarehe ya kujifungua mbele za watu.

Jambo la bodaboda tulilimaliza palepale. Sheria imekataza kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inamtaka mwajiri amtafutie kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua. Tangu wiki ile vikundi ndivyo vilivyokuja ofisini, tukavilipia nauli viongozi wao. Kuna mjumbe wa bodi aliyehoji gharama ile. Nilimwonyesha hesabu ya mafuta na matengenezo ya pikipiki kwa miezi iliyotangulia, akanyamaza.

Suala la keshia lilikuwa gumu, na hapa ndipo nadhani mameneja wengi tunateleza. Kwa chama ingekuwa rahisi kumpa keshia ukaimu. Anaijua ofisi, hahitaji kufundishwa, na tungelipa posho ya kukaimu tu badala ya mshahara mzima. Lakini ningemweka pale mtu ambaye kila mtu ofisini anajua anaitamani nafasi ile, huku mwenye nafasi amelala kitandani anahesabu siku. Keshia si mtu mbaya, ni mchapakazi, na kutamani kupanda cheo si dhambi. Nilimwita nikamweleza wazi kwamba nafasi hii haishindaniwi, na kwamba ombi lake la kupanda nitalipeleka bodi kwa njia yake, siyo kupitia likizo ya uzazi ya mwenzake. Nililipeleka kweli.

Tukamchukua kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambaye alikuwa anajitolea kwetu. Afisa mikopo mwenyewe ndiye aliyempendekeza. Huyu naye nataka nimsemee, kwa sababu anasahauliwa katika mazungumzo haya. Kijana anayeshika nafasi ya mtu kwa muda ana mama yake anayemtegemea na kodi ya chumba ya kulipa. Ukimwambia, "fanya vizuri, huwezi jua, pengine utabaki," umewaumiza watu wawili kwa sentensi moja. Umempa yeye tumaini ambalo huna haki ya kulitoa, na umemgeuza kuwa mshindani wa mwanamke ambaye hayupo kujitetea. Sisi tulimwambia tangu siku ya kwanza kwamba kazi hii ina mwisho, na mwisho wake ni siku ambayo mwenyewe atarudi. Tuliahidi barua ya uzoefu na mshahara kamili wa daraja la mwanzo, tukatimiza. Ameshapata kazi katika chama kingine cha ushirika, na ile barua ilimsaidia.

Makabidhiano tuliyaanza mapema, mimba ikiwa na miezi sita hivi. Wengine waliona ni haraka. Wapo wanaodhani kumpa mjamzito mwenye wasiwasi habari za makabidhiano mapema ni kumwongezea mzigo. Nimeona kinyume chake. Kinachomwongezea mzigo ni mawazo ya usiku: je, nikilazwa kesho? Kila faili lililokabidhiwa liliondoa swali moja. Walikuwa wanakaa pamoja asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na miguu yake haijaanza kuvimba, wanapitia kikundi kimoja, si zaidi. Yeye anaeleza, kijana anaandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha wote wawili wanasaini chini.

Kwenye hati ya makabidhiano tuliweka jedwali la hali ya mikopo yote siku ile: kiasi kilichoko nje, marejesho yaliyochelewa, na kipi kimeshakuwa chechefu. Tulisaini watatu. Maana yake ni kwamba chochote kitakachoharibika baada ya tarehe ile hakitahesabiwa kwake, na chochote kilichokuwa kimeharibika kabla hakitasukumwa kwa kijana. Nimekuwa katika kazi hizi za fedha tangu ujana wangu, na nawaambia mameneja wenzangu kwamba karatasi ile moja ilimtuliza kuliko maneno yangu yote ya kumfariji. Siku alipoisaini aliniambia, "Sasa mama, hata ikitokea leo, nitaenda." Alimaanisha hospitali.

Vikundi alivitambulisha yeye mwenyewe kwa kijana. Hili nalisisitiza. Mteja anapotambulishwa kwa afisa mpya na meneja, anaelewa kwamba yule wa zamani ameondoka. Anapotambulishwa na yule wa zamani mwenyewe, akiwa amekaa pale na tumbo lake, akisema, "Huyu ni mdogo wangu, atakaa nanyi mpaka nirudi," hakuna anayebaki na swali. Akina mama wa vikundi walishangilia, wengine wakamwombea palepale ofisini. Na tarehe haikutajwa.

Katika wiki ya 34 presha ilipanda. Alienda kliniki asubuhi kama kawaida na hakurudi, alilazwa. Kwa presha ya ujauzito daktari hangoji, maana kifafa cha mimba kinaua. Ofisini hakuna kilichosimama. Kijana alichukua daftari lake akaendelea na ratiba, na mimi nikabaki na jambo moja la kuangalia, yaani siku zake.

Nalieleza hili kwa ajili ya mameneja ambao hawajakutana nalo. Angeweza kuhesabiwa kwamba ameanza likizo ya uzazi siku aliyolazwa, kwa kuwa sheria inaruhusu kuanza mapema kwa cheti cha daktari. Lakini siku 84 ni zilezile. Zikianza kuliwa wodini kabla mtoto hajazaliwa, mama atarudi kazini mtoto akiwa mchanga zaidi. Yeye alikuwa na cheti cha daktari cha ugonjwa, na sheria hiyohiyo imempa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Tukaandika ni likizo ya ugonjwa, na ya uzazi ikaanza alipojifungua. Nilimpelekea mumewe barua hiyo ili amsomee, kwa sababu nilijua anahesabu. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima.

Kuna kifungu kingine sikumsomea, wala sitamshauri meneja yeyote akisome mbele ya mjamzito aliyewahi kufiwa. Sheria inampa mama siku 84 nyingine za malipo iwapo mtoto atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe. Ni haki njema, na kila mfanyakazi anastahili kuijua. Ila ijulikane kwa njia ya kitabu cha taratibu za kazi kinachopewa kila anayeajiriwa, wanaume kwa wanawake, siku ya kwanza. Ukisubiri kumweleza haki hiyo mpaka ashike tumbo, umemletea mauti mezani.

Kuhusu simu, tulikubaliana kwamba ofisi haitampigia. Kijana akikwama anakuja kwangu, na mimi nikikwama tunafungua daftari la makabidhiano. Yeye kwa upande wake hakuzuiwa kupiga. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani kumlinda mama ni kumfungia habari zote. Mtu mwenye wasiwasi ukimfungia habari, anazitunga mwenyewe, na anazozitunga ni mbaya kuliko zilizopo. Alipiga mara chache, akauliza kuhusu kikundi fulani cha vitunguu ambacho bei ilikuwa imekishinda, akajibiwa ukweli. Baada ya arobaini tulikwenda kumpa hongera, tukabeba khanga, sabuni, sukari na unga. Niliwaonya wenzangu njiani kwamba habari za ofisi zisiguswe asipoziuliza mwenyewe. Hakuziuliza. Alituonyesha mtoto.

Kurudi kwake nako kulihitaji kupangwa. Sheria inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Waajiri wengi wanaijua haki hii kwa mdomo tu, wanasubiri mama aiombe, na mama aliyerudi juzi akiwa na hofu ya kuonekana mzigo haiombi. Sisi tuliiandika kwenye ratiba ya ofisi inayobandikwa ukutani: saa moja kabla ya chakula cha mchana, saa moja jioni. Dada wa kazi alimleta mtoto, tukawapa kile chumba kidogo cha nyuma tulichokuwa tunawekea vitabu vya zamani. Hakukuwa na haja ya kuomba wala kueleza.

Wiki ya kwanza kijana alikuwepo bado, na makabidhiano yakafanyika kinyumenyume, kwa hati ileile na saini zilezile. Kulikuwa na tatizo moja, nalo sitalificha. Kikundi kimoja kiliandika barua kuomba kibaki na kijana, kwa kuwa walikuwa wamemzoea na yeye hakuwa mkali kwenye marejesho. Barua ile ingemfikia dada bila maandalizi, ingemrudisha kwenye yale mawazo ya mwanzo. Nilikaa naye tukaisoma pamoja. Akasema, "Nirudishieni kwanza, halafu mimi na wao tutaelewana." Tukamrudishia. Wanalipa.

Najua waajiri wenzangu watasema: meneja huyu ana muda, sisi tunakimbizana na kodi na riba. Nawajibu kwa heshima. Mshahara wa kijana kwa miezi ile ulikuwa gharama ya kweli, na tuliiweka kwenye bajeti kwa sababu tunaajiri wanawake wa umri wa kuzaa na tunajua watazaa. Sheria yenyewe imezihesabu siku hizo ndani ya mzunguko wa miezi 36, na mwajiri habanwi kutoa zaidi ya likizo nne za aina hii kwa mtumishi mmoja. Ni jambo linalohesabika. Kinachokosekana ni kuliweka kwenye hesabu mapema. Na yule mjumbe wa bodi aliyeshauri, kwa sauti ya upole, kwamba safari ijayo tuajiri wanaume tu, nilimkumbusha kwamba huo ni ubaguzi uliokatazwa, kisha nikamwomba asimame akawaambie hivyo akina mama kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Hakusimama.

Ombi langu nalielekeza kwa Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, na kwa TUICO, chama cha wafanyakazi kinachotugusa sisi wa taasisi za fedha. Mnapokaa kujadili mikataba ya hali bora, ile ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, ongezeni kipengele kuhusu jambo hili. Kiseme kwamba mfanyakazi akishatoa taarifa ya likizo ya uzazi, mwajiri atakaa naye waandike mpango wa nani atamshikia nafasi, mpaka lini, na hali ya kazi itapimwaje siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Kisiongeze siku hata moja, maana hilo ni jambo la Bunge. Ingawa nalo naliunga mkono kwa moyo wote: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha tangu mwaka 2000 mkataba unaotaka wiki zisizopungua 14, na sisi bado tuko kwenye 12. Kipengele ninachoomba hakina gharama zaidi ya karatasi na saa chache za kuzungumza.

Na kwa meneja wa ofisi ndogo ambaye hawezi kusubiri mkataba wa hali bora, maneno tuliyoyaandika katika mkataba wa kijana wetu ni haya, ayachukue kama yalivyo: "Umeajiriwa kushika kwa muda nafasi ya afisa mikopo aliye katika likizo ya uzazi. Nafasi hii ni yake na atairudia. Mkataba huu utakoma siku atakaporipoti kazini na kukamilisha makabidhiano, na hautahuishwa katika nafasi hii." Nakala ya kwanza ilikaa kwenye faili la kijana, ya pili kwenye la chama, na ya tatu alikabidhiwa mama kijacho mkononi.

Meneja wa SACCOS,
Iringa.
(Jina limehifadhiwa)